Mboga Iliyoingia Dirishani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia uwanja na kumwagilia bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi viti, kwa sababu mdomo wa binti huyo haukujua likizo. Siku hizi, lakini, akifika bustanini alinyamaza.

Kulikuwa na mmea uliotoka nyumba ya jirani, ambayo wenyewe walishahama. Waliupanda uwe pambo la ukuta. Sasa ukuta hauonekani, mlango hauonekani. Kisha mmea ukaruka ua, ukaufunika mchicha wote mpaka ukafa. Asubuhi moja Chiriku alifumbua macho akakuta kikonyo kimepenya wavu wa dirisha, ncha yake imelala juu ya mto, karibu na shavu lake. Aliogopa hata kupumua.

"Mama! Jani limeingia chumbani!"

"Lisipotoka tutalila," mama alijibu huku akikanyaga cherehani yake. Kisha akafikiri. "Kweli, huenda linalika, na mboga hatuna. Ukitoka shule pitia kwa bibi shamba, umwonyeshe. Akikubali, chuma."

Lakini ofisi ya bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa mtaa, ilikuwa juu mlimani, na wenzake Chiriku walikuwa wanacheza rede. Alicheza mpaka wingu likatanda. Akirudi, alipita kwenye banda la sungura la muuza mkaa, akawarushia jani alilokuwa amelibeba. Sungura wakalitafuna lote.

"Kama sungura wanakula, sisi ni akina nani tukatae?" alijiambia.

Akachuma kapu zima. "Bibi shamba amesema linaliwa," alimwambia mama, bila hata kupepesa macho.

Mvua ilianza mboga ikiwa motoni. Maji yalichemka sana, lakini majani hayakulegea, yalizidi kung'aa. Harufu yake ilikuwa tamu kupita kiasi, kama maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Paka, ambaye kwa kawaida hafukuziki jikoni, aliitazama sufuria, akarudi nyuma polepole, akatoka nje kwenye mvua. Nje, majani mengine yaligusagusa wavu wa dirisha.

Mama akapakua. Mdogo wake Chiriku, ambaye hajaanza hata shule, akachota kijiko na kukipuliza.

"Usile!" Chiriku alimpiga mkono, kijiko kikaruka. "Mama, sikwenda kwa bibi shamba. Nimekudanganya. Niliona sungura tu wakila."

Baba aliondoa sahani moja moja. Mama akasema, "Vaa viatu. Twende."

Walimkuta bibi shamba akifunga ofisi. Alilivunja jani walilomletea, utomvu mweupe ukatoka.

"Mmekula?" aliuliza kwa haraka.

"Hapana," mama alijibu.

Bibi shamba akashusha pumzi. "Mshukuru Mungu. Sungura ana tumbo lake, binadamu ana lake. Mtoto mdogo angekula hili, sasa hivi tungekuwa hospitalini."

"Kwa hiyo halifai kitu?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kuliwa, halifai. Lakini vikonyo vikikaushwa juani mpaka utomvu uishe, ni kamba nzuri ya kusuka. Baba yako si fundi viti? Vaeni glavu, mkate kabla mmea haujatoa mbegu, na mizizi ing'oeni yote."

Familia ilikata kila siku mpaka mlango wa jirani ukafunguka. Ndani, mmea ulikuwa umekizingira kiti kilichosahauliwa, umekaa juu yake kama mwenye nyumba. Hata baba alisita kidogo kabla ya kuukata.

Kiti cha kwanza cha kamba hizo kilipokamilika, mama alikikalia, akamwita Chiriku.

"Mwanangu, jani lile halikumdanganya mtu. Mimi nililitia sufuriani kwa sababu nilikuamini wewe. Ukiwa hujui, sema hujui. Kusema 'sijui' si aibu. Aibu ni kumlisha mwenzako usichokijua."

Machozi yalimlengalenga Chiriku. "Bado unaniamini, mama?"

Mama alimshika mkono. "Nitakutuma tena," alisema. "Ila kwa sasa tutakwenda wawili."