Kasha la Kamera Lililoingia Maji

Josephati Tluway alikuwa mpiga picha wa Karatu. Alipiga picha za harusi, za kipaimara, na za watu waliotaka tu kuonekana wamevaa miwani ya kuazima. Mkewe, Scholastika, ndiye aliyezisafisha chumbani gizani na kuzikata pembeni. Hawakuwa matajiri, lakini nyumba yao, pamoja na Marseli mtoto wao wa kwanza na wadogo zake, ilikuwa na kicheko.

Mwaka 1986 kanisa moja la Rhotia lilianza kubatiza watu katika bwawa la chemchemi, chini kidogo ya msitu. Maji yake yalikuwa maangavu, unaona mpaka changarawe. Waumini walizamishwa wazima wazima, wakaibuka wakitetemeka kwa baridi na furaha. Josephati alisimama ukingoni akapiga picha. Zilipotoka, manung'uniko yakaanza.

"Baba Marseli, hii si picha yangu," mama mmoja alimwambia. "Hii ni picha ya mgongo wa mchungaji."

Kweli, na mchungaji yule alikuwa na mgongo mpana. Josephati akaona dawa ni moja tu, kuingia majini na kamera na kumpiga mtu picha akiwa chini ya maji. Arusha palikuwa na duka lililouza kasha la kazi hiyo. Lilikuwa kasha gumu la plastiki lenye kioo mbele. Unafungia kamera ndani yake, unazama nayo, na mpira uliozunguka mlango unazuia maji yasiingie. Kasha na kamera yake viliuzwa pamoja.

Lakini angevinunua kwa fedha gani? Mali waliyokuwa nayo ilikuwa mtamba wa Scholastika. Baba yake alimpa siku ya harusi, na nyumba nzima ilimngoja azae wapate maziwa. Scholastika alifikiri sana. Mwisho akasema, "Muuze. Ila ukumbuke, Baba Marseli, yule ndiye kitu pekee nilichotoka nacho kwetu."

Basi mtamba akaenda mnadani, na kasha likaja nyumbani.

Mama yake Josephati, Bibi Sara, alilikagua kasha lile kama anayenunua mbuzi. Akaugusa mpira wa mlangoni.

"Mkavu namna hii utazuia nini?" aliuliza. "Sisi ngozi zetu za kuvaa tulizipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Mvua inanyesha, maji yanateleza, wewe unapita."

Akaleta mafuta yake, akaupaka mpira ukameremeta. Josephati alimshikia kasha apake vizuri. Nani angembishia? Ngozi za bibi huyo hazikuwahi kupitisha maji.

Jumapili iliyofuata Josephati aliingia bwawani hadi kifuani. Muumini wa kwanza akazamishwa. Josephati naye akazama, akabonyeza. Alipoibuka alitazama kwenye kioo. Maji yalikuwa yamejaa kasha. Kamera ilikuwa imelala humo kama yai kwenye sufuria.

Nyumbani siku hiyo hakuna aliyekula. Scholastika hakugomba. Alikaa tu na mikono mapajani, na hilo lilimuumiza Josephati kuliko matusi.

"Nimekupotezea mtamba wako," Josephati alisema.

"Usiseme hivyo," mkewe akajibu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Habari Karatu hazihitaji baiskeli. Muda si muda akafika Alfonsi, fundi wa redio, bisibisi mkononi.

"Lete nifungue," alisema. "Nitakausha kamera kwenye makaa. Redio ya katekista iliangukia kwenye pipa, na leo inaimba."

Josephati alikuwa tayari kumpa. Hapo sauti ikatoka upande wa pili wa ua. "Alfonsi, weka bisibisi yako mfukoni."

Alikuwa Nosim, jirani yao, mtunza stoo wa hoteli moja juu kule ukingoni mwa kreta, lile bonde la volkeno lenye wanyama. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Aliingia, akamsalimu Bibi Sara kwanza. "Shikamoo, yeyo." Kwao Ololosokwan mama huitwa hivyo, naye alimwita hivyo kila mama. Kisha akavuta kigoda.

"Mlipewa karatasi ya dhamana dukani?" aliuliza. "Ile watu wanayoiita garantii?"

"Ipo," Scholastika alijibu. "Nimeiweka na risiti, pamoja na kadi za kliniki za watoto."

"Vizuri sana, mama. Sasa sikilizeni. Dhamana ni ahadi ya aliyetengeneza kitu. Anasema hivi: kikiharibika ndani ya mwaka kwa kosa langu, nitakupa kingine. Kikiharibika kwa kosa lako, shauri yako. Lakini fundi mwingine akishakifungua, nani atajua kosa ni la nani? Hotelini pampu yetu mpya ilikufa. Hatukuigusa. Tuliirudisha na risiti yake, tukapewa nyingine."

"Nisikaushe hata kamera?" Josephati aliuliza.

"Mwaga maji, funga vyote kwenye kitambaa kisafi, uvipeleke dukani kesho. Usifungue skrubu hata moja. Kadiri unavyokawia ndivyo watakavyokushuku."

Bibi Sara alikohoa. "Na yale mafuta yangu?"

Josephati alinyoosha mkono akachukua kitambaa. "Nitayafuta, mama. Hawatajua."

"Yaache," Nosim alisema. "Waambie ukweli. Huenda mafuta ndiyo yaliyoharibu, basi mtakosa. Huenda siyo. Ukifuta, umeficha, na mtu aliyeficha jambo moja hasadikiki kwa mengine."

Scholastika alimwangalia mumewe. "Tutakwenda wote," alisema. "Mtamba alikuwa wangu, nataka kusikia kwa masikio yangu."

Alfajiri walipanda basi la Arusha. Mwenye duka la kamera alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani. Aliangalia risiti, akaangalia tarehe kwenye dhamana, akatikisa kichwa kukubali. Halafu alifungua kasha, akapitisha kidole kwenye mpira. Akanusa.

"Hiki ni nini?"

Josephati alitamani kuwa mahali pengine. Alimtazama Scholastika, kisha akasema, "Ni mafuta ya kondoo. Mama yangu aliupaka mpira ili maji yateleze, nami nilimshikia. Hatukujua."

"Mafuta ya mnyama huulegeza mpira, ukavimba," mzee alisema. "Dhamana inasema usiupake kitu chochote isipokuwa mafuta yaliyokuja na kasha. Ulisoma?"

"Sikusoma."

Scholastika alifumba macho. Aliona kabisa mtamba wake akiondoka mara ya pili.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alijaza beseni maji. Akalifunga kasha tupu, akalididimiza taratibu. Wote watatu wakainama juu ya beseni. Mapovu madogo yakaanza kupanda, moja moja. Hayakutoka kwenye mpira. Yalitoka mbele, pembeni mwa kioo.

"Mnaona?" mzee alisema. "Mpira umeshika bado. Kioo hiki hakikugundishwa sawasawa kiwandani. Maji yalipita hapa. Hili si kosa lenu."

"Kwa hiyo?" Scholastika aliuliza haraka.

"Kwa hiyo mtapewa kasha jingine, na kamera nyingine, maana kasha ndilo lililoiua. Ila bwana, ungeniambia hukupaka kitu wakati nanusa kondoo, nisingehangaika na beseni. Na siku nyingine, kabla ya kuweka kamera, zamisha kasha tupu kwanza. Tia kitambaa kikavu ndani. Kikitoka kikavu, endelea na kazi."

Scholastika alicheka, machozi yakimtoka. Hakujali nani anamwona. Aliikunja karatasi mpya ya dhamana, lakini safari hii hakuiweka kabla ya kumsomea mumewe kila neno, pale pale dukani, huku mwenye duka akingoja.

Jumapili ya ubatizo uliofuata, watu walijaa kando ya bwawa. Mchungaji alikwisha kuingia majini, waumini wamejipanga kwa mavazi meupe. Josephati alitwaa kasha.

"Bado," Scholastika alisema.

Alitia leso yake kavu ndani ya kasha, akalifunga mwenyewe, akavuta kitenge juu ya magoti. Kwaya ikakatisha wimbo. Scholastika, mwanamke Mkatoliki aliyebatizwa kwa maji ya kumwagiwa kichwani, akaingia kwenye bwawa la watu mpaka kiunoni. Akalizamisha kasha kwa mikono miwili, akalishikilia chini ya maji. Mchungaji alisogea kando kumpisha.

Alipolitoa, maji yalichuruzika mikononi mwake. Akafungua. Akaichukua leso, akaipitisha shavuni pole pole, akisikiliza kama ina unyevu.

"Kavu," alisema.

Akampa mumewe kasha, na kwaya ikaanza kuimba kabla ya kuambiwa.