Abiria wa Kushoto

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni mke wa Nati, mwaka ule nyumba yao ilipopakwa rangi upya, tukiwa tumeketi sebuleni katikati ya viti vilivyofunikwa mashuka. Aliisimulia mara moja tu, polepole, kama mtu anayehesabu mishono. Nati mwenyewe alikuwepo. Alimsahihisha mkewe mahali pawili mwanzoni, na kufikia mwisho akawa anasikiliza tu, maana ya huko alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Nati ni jina la utani. Alipewa na wenzake wa kundi la vigari, watu kumi na wawili wenye magari madogo ya saluni ya aina moja, waliokutana kila Jumapili asubuhi kwenye uwanja nyuma ya ghala la mbao. Huko walifungua maboneti, wakalinganisha rimu, wakabishana juu ya springi kama ndugu wanaogombea mpaka wa shamba. Nati hakuweza kupita karibu na nati iliyolegea bila kuinama, hata kama gari si lake. Kazini alikuwa mpimaji katika kiwanda cha mabomba, na nyumbani aliendelea kupima. Gari lake la kijivu, Kipusa, alikuwa amelishusha kimo kwa springi fupi, hata nafasi kati ya tairi na bodi ikawa vidole vitatu, mbele kwa nyuma, kulia kwa kushoto. Kila Jumamosi aliingiza vidole vyake pale na kuhakikisha.

Lakini Kipusa hakuwa pambo. Kila Jumanne na Ijumaa alimpeleka mama yake Nati hospitali kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimechoka. Daktari alisema bila kuzunguka: akikosa mara mbili mfululizo, msitafute wa kumlaumu. Na kiti cha Kipusa kilimuumiza mama nyonga. Ndipo Nati alipoanza kutafuta kiti cha toleo la mashindano la gari la aina yake, chenye mbavu pembeni na kitambaa chekundu kilichoiva, kilichotengenezwa mwaka mmoja tu. Alikitafuta miezi minane. Alikipata kwenye uwanja wa magari mabovu, ndani ya gari lililopondeka pua, kiti cha kushoto kikiwa kizima kama kimetoka dukani jana.

Kundi lao lilikuwa na desturi. Mwanzilishi wake, marehemu, alikuwa dereva wa basi, naye aliwafundisha kwamba kabla hujafungua skrubu moja ya gari lililokufa, uketi kwenye usukani wake, ufunge mlango, useme kwa sauti: "Tumefika, shukeni." Wengi walifanya huku wakicheka, lakini walifanya. Siku ile jua lilikuwa utosini, mlango wa dereva ulikuwa umejikunja, na Nati alikuwa na haraka.

"Umewashusha?" Mwalimu, kiongozi wa kundi, aliyekuwa amekuja kumsaidia kubeba, alimuuliza.

"Nimewashusha," Nati akajibu.

Hakuwa amemshusha mtu.

Kiti kilikaa ndani ya Kipusa kama kidole ndani ya pete. Mama alipokijaribu alisema, "Hapo sasa, mwanangu. Ila kina joto, kama mtu kaondoka sasa hivi." Walicheka.

Jumatatu Nati akiwa peke yake njiani kwenda kazini, taa ndogo nyekundu iliwaka kwenye dashibodi na kengele ikalia: ti, ti, ti. Ilikuwa taa ya mkanda wa abiria, ile inayowaka mtu akikaa bila kujifunga. Kiti kilikuwa kitupu. Alikipiga kofi, taa ikabaki. Kengele ikalia hadi lango la kiwanda.

Jioni alikifungua kiti, akasafisha plagi, akakirudisha. Taa ikawaka. Akanunua kihisi kipya cha uzito. Taa ikawaka. Akafuata waya mmoja mmoja, kutoka kwenye kiti hadi kwenye fyuzi, na kipima umeme chake mkononi, na kila waya ulikuwa na haki yake. Taa ikawaka. Mtu mwingine angeikata. Nati hakuwa mtu wa kukata. Kwake, kukata waya ni kukiri kwamba chuma kimekushinda akili.

Jumapili wenzake walimzunguka.

"Ni waya wa ardhi huo," alisema mmoja.

"Nimeubadilisha."

"Basi ni kompyuta yake."

"Nimeazima ya Mwalimu. Ni vilevile."

Rangi, mpiga rangi wa kundi, mtu mrefu asiyeweza kunyamaza, aliingiza kichwa dirishani. "Taa inasema kuna mtu, kiti kinasema hakuna. Nati, Kipusa ana mimba! Wewe mume gani hujui?"

Wote walicheka isipokuwa mwenye gari. "Funga mkanda kwenye kiti kitupu, bwana," Mwalimu akamshauri. "Kengele itanyamaza, nawe upumzike."

Alifunga, na kengele ikanyamaza. Lakini Jumatatu asubuhi alipofungua mlango aliukuta mkanda haujalala bapa kitini. Ulikuwa umevutwa mbele, umebinuka katikati, kama unavyobinuka juu ya tumbo la mtu aliyeketi. Na ndani mlinuka udongo uliolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tano. Nati alisimama pale na funguo mkononi. Kisha akasema kwa hasira, "Springi ya mkanda nayo imechoka," akaenda kuiagiza.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Walifika hospitali saa mbili kasoro robo, dakika kumi na tano kabla ya zamu ya mama. Nati akazunguka kumfungulia mlango, akabonyeza kifungo cha mkanda. Hakikuachia. Akabonyeza kwa vidole viwili, kwa kidole gumba, kwa ncha ya ufunguo.

"Mama, jisogeze nyuma kidogo."

"Sina pa kusogea," mama alisema kwa sauti ya chini. "Kuna magoti chini yangu."

"Ni mbavu za kiti, mama."

"Mbavu nazijua, mwanangu. Nimezaa saba. Haya ni magoti, na nimeyakalia."

Mkanda ukavutika, kidogo kidogo, kila mama alipotoa pumzi ukichukua nafasi ile pumzi iliyoiacha na kutoirudisha, na Nati aliyekuwa amepiga goti kwenye vumbi la uwanja wa hospitali, mchana kweupe, watu wakipita na mafaili yao, akaingiza vidole kati ya mkanda na kifua cha mama yake na kuvuta kwa nguvu zake zote, akahisi upande wa pili kuna kitu kinachovuta vilevile, bila hasira, bila haraka, kama mtu anayejifunga vizuri kwa safari ndefu. Na ile harufu ya udongo ikapanda, na sikioni mwake, karibu kuliko uso wa mama ulivyokuwa, sauti ikasema neno moja.

"Bado."

Muuguzi aliyekuwa akipita ndiye aliyeleta mkasi. Nati, asiyekata waya, aliukata mkanda vipande viwili. Mama alifikishwa ndani saa tatu kasoro robo, na mashine yake ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine. Wakaambiwa warudi Ijumaa. Siku ile ilihesabiwa kuwa amekosa.

Usiku wa kuamkia Jumatano miguu ya mama ilivimba. Asubuhi Nati hakwenda kazini. Alikitoa kiti chekundu, akakitupa nyuma ya nyumba, akarudisha kile cha zamani na mkanda mpya. Akawasha gari. Ti, ti, ti.

Akatoka nje, akainama, akaingiza vidole. Kulia, vitatu. Kushoto, viwili.

Akafungua springi za kushoto, mpya kabisa, akafunga nyingine. Vidole viwili. Akabadilisha shokapu. Viwili. Mkewe alikuwa dirishani jikoni, akamwona akisimama, akilitazama gari kama mtu aliyetukanwa mbele ya watoto wake, kisha akaitupa spana ukutani. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hakuwahi kumwona akitupa kifaa.

"Kodi gari la mtu Ijumaa," mkewe alimwambia.

"Gari ninalo!" alifoka. "Nina gari ambalo kila nati yake naijua kwa jina! Nikodi la nini?"

Alhamisi alikipakia kile kiti chekundu, akampelekea Sindano, mwanamke aliyeshona viti vya kundi zima katika kibanda nyuma ya gereji. Wenzake walimnong'oneza kwamba Sindano hujua na mengine yasiyoshonwa. Alikifumua kiti upande mmoja, akapapasa sponji, akanusa vidole.

"Humu hamna kitu," alisema. "Alikuwemo, kahama. Ulisema tumefika?"

Nati alitazama chini.

"Nakuuliza, baba. Kinywa hukukiacha nyumbani."

"Sikusema. Tena nilidanganya kwamba nimesema."

Sindano akakata uzi kwa meno. "Basi huyo si marehemu wa ile ajali. Marehemu hubaki alipofia. Anayepanda, akahama kiti, ni jini, na huyo wako ni abiria tu, anaenda zake. Hakuna aliyemwambia ashuke. Mwambie leo. Akikataa, muulize anashukia wapi. Akikujibu, usibishane naye."

Jua halijazama, Nati aliketi kwenye usukani wa Kipusa uani, akafunga mlango. Mama alikuwa kwenye kiti chake kizingitini, miguu juu ya kigoda. Mkewe alikuwa dirishani. Nati alikohoa. Aliona aibu, mtu mzima kuzungumza na kiti.

"Tumefika," akasema. "Shuka."

"Bado."

Haikuwa sauti ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa sauti ya abiria mstaarabu.

"Unashukia wapi?"

Springi za kushoto zililia, kama mtu anayejiweka sawa ageuke.

"Anaposhukia mama."

Nati alitoka kwa mlango wake, akaanguka, akainuka, akapita mbele ya mama yake bila kumtazama. Lakini ua ule ni mdogo, na masikio ya mama hayakuwa na ugonjwa.

Ijumaa asubuhi Rangi alikuja na gari lake kumchukua mama, kwa kuwa mke wa Nati alimwita bila kumuuliza mumewe. Rangi alisimama barabarani akisubiri. Mama akatoka akijikongoja na kusema anataka kukaa kidogo ndani ya Kipusa.

"Mama, hapana!"

"Nenda kanitafutie shali yangu ya kijani."

"Mama, hiyo shali..."

"Nimekutuma, baba."

Nati akaingia ndani. Shali ya kijani mama mwenyewe alikuwa ameificha ndani ya kanga yake. Mkewe dirishani ndiye aliyeona na kusikia yaliyofuata. Mama aliketi kitini, akavuta mkanda mpya mwenyewe, akaufunga. Akakaa kama mtu aliyekaa karibu na jirani.

"Sikiliza, mwenzangu," alisema. "Safari yangu nimeisikia kwa daktari, wala si ndefu. Ukitaka tushuke pamoja, tutashuka. Lakini gari hili ni la mwanangu, analihitaji, na akili yake inakwenda kwa vipimo, utamtia wazimu. Fuatana nami, usifuatane na gari. Na usinibane. Nina nafasi ya kutosha, ukikaa kwa adabu. Nikifika nitakuambia."

Kifungo cha mkanda kikaachia chenyewe: tak.

Mama akashuka. Kipusa akainuka upande wa kushoto, taratibu, kwa kimo cha kidole kimoja. Nati alipotoka na kusema shali haionekani, mama alikuwa amefika kwenye gari la Rangi. Nati akainama, akaingiza vidole. Vitatu. Akapima tena. Vitatu.

"Nilijua!" alisema, machozi yakimtoka. "Zilikuwa springi tu. Zilihitaji kukaa."

Mkewe akafunga dirisha.

Mama hakupanda tena Kipusa. Alisema gari lile limemchosha, na kundi la vigari likapanga zamu: Rangi Jumanne, Mwalimu Ijumaa, na wengine walipopata nafasi. Kwa miaka saba hakukosa hata siku moja. Nati alishukuru, lakini iliendelea kumuudhi kwamba mama yake alipanda magari yote ya uwanjani isipokuwa lile lililotengenezwa kwa ajili yake. Walipogombana juu ya hilo mama alimwambia, "Wewe pima mabomba yako."

Wenzake hawakumwambia kitu. Kwenye msiba wa mama ndipo Rangi alipomvuta kando mke wa Nati, akanong'ona, "Shemeji, nikuulize. Mama akipanda, gari lenu liliwahi kuinama kushoto?" Mwalimu alikuwa karibu, akageuka. "Kumbe na lako?" Wote walikuwa wamejua. Kila mmoja alifikiri ni lake peke yake. Kila mmoja, kimyakimya, alikuwa amekaza springi ya kushoto kidogo, asimwambie mtu, mama asije akakosa usafiri.

Mama alifariki njiani, kwenye gari la Mwalimu, mita chache kabla ya lango la hospitali. Mwalimu alisema mama alifumbua macho, akagonga kiti taratibu kwa kiganja, akasema, "Haya. Tumefika." Na gari likainuka.

Hapo ndipo mke wa Nati alipomaliza, na Nati akatoka nje bila kuaga.

Mama hayupo. Sindano alifariki mwaka uliofuata. Mwalimu yu hai, amestaafu na ameuza gari. Rangi yu hai, bado hawezi kunyamaza, isipokuwa juu ya hili. Mke wa Nati yu hai. Nati yu hai, na Kipusa anatembea. Tangu siku ile ya kupaka nyumba rangi, kila anapofika nyumbani, hata akiwa peke yake, Nati huzunguka, akafungua mlango wa kushoto, akasema, "Tumefika, shukeni," akasimama akisikiliza springi. Mara nyingi hasikii kitu.