Kijiko cha Kitanda cha Sita

Nesi huyu ni rafiki yangu, tuko kama chanda na pete, na si mtu wa porojo. Leo Alhamisi amekuja kwangu midomo imemkauka.

Wodini kwake kulikuwa na bibi wa kitanda cha sita. Kila alipobanwa na pumzi, aligonga kijiko kwenye chuma cha kitanda. Kelele zile zilimkera nesi. Mchana mmoja akampokonya kijiko, akakaa mezani, akajaza chati bila kumgusa: mapigo 72, anapumua vizuri. Alipokwenda kumtazama, bibi alikuwa ameshakata roho. Chati ikapelekwa stoo, naye akafyata ulimi.

Jumatatu hii matroni akamwambia, "Dada, niletee faili la kitanda cha sita. Mwanawe amekuja juu, hata salamu hataki."

Stoo haina dirisha, na taa ilikuwa imeungua. Alikuwa akipapasa gizani aliposikia kijiko kikigonga chuma. Ngo. Ngo. Ngo. Akalikwapua faili, akatoka mbio.

Kwenye korido akafungua chati. Chini ya uongo wake palikuwa na mstari mpya, wino haujakauka, mwandiko wake mwenyewe: mapigo 131. Akajishika kifundo cha mkono, akatazama saa, akahesabu dakika nzima.

Mia moja thelathini na moja.

Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi, wenye tarehe ya kesho, Ijumaa: "Mgonjwa amegonga sana. Hakuna aliyekuja."