Badar Hakuulizwa

Bi Sheikha wa mtaa wa Amani hamwamini mtu. Akinunua samaki sokoni Darajani hufunua mwenyewe mashavu ya samaki, akamnusa, kisha akamtazama muuzaji kana kwamba yeye ndiye aliyeoza. Akipeleka kitambaa kwa fundi hukipima kabla, na nguo ikirudi huipima tena. Majirani wamemzoea. Wanajua hana ubaya na mtu, ila shaka imemkaa mwilini tangu zamani.

Shaka hiyo ina sababu. Anaishi na mdogo wake, Badar, ambaye hasikii. Badar alipokuwa na miaka mitatu aliumwa homa kali. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yake. Sasa ana miaka hamsini na minne. Anashona makubadhi katika kibanda chake Mlandege, na kazi yake ni nzuri. Watu hutoka mpaka Kizimkazi kuja kuagiza viatu vya harusi. Lakini zamani, alipoanza, wateja walimfanyia ujanja mwingi kwa sababu hakuweza kuwajibu.

Tangu hapo Bi Sheikha alijiwekea sharti. Mtu mgeni asijue kuwa Badar ni kiziwi. Wakienda mahali, yeye ndiye anayejibu kila kitu.

"Mdogo wangu si msemaji," husema, na watu huridhika.

Nyumbani wawili hao huzungumza kwa mikono. Chakula, mvua, mgeni, kulala. Ni alama kama thalathini walizozizua wenyewe walipokuwa watoto. Bi Sheikha aliamini kuwa hizo ndizo habari zote alizonazo Badar. Jumapili jioni Badar huenda kukaa na viziwi wenzake kwenye chama chao. Bi Sheikha alishuku kuwa huko wanamsengenya yeye.

Siku moja Badar aliinama kuokota kipande cha ngozi akashindwa kuinuka. Walipofika hospitali, daktari alimpima akakuta ana ngiri pande zote mbili. Ile ya kulia ilikuwa kubwa. Kumbe alikuwa nayo miaka miwili, anaificha chini ya kikoi.

"Tutaanza na upande wa kulia," alisema daktari. "Wa kushoto tutafanya baadaye."

Asubuhi ya upasuaji alikuja muuguzi mmoja kijana, jina lake Zuleikha, ameshika fomu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mgonjwa wetu ana maradhi mengine? Sukari, presha, pumu?"

"Hana."

"Mkojo unatoka vizuri?"

"Vizuri."

Alijuaje? Hakujua. Alijibu tu.

"Ana mahitaji yoyote maalumu? Labda kuona, kusikia, kutembea?"

Bi Sheikha akamtazama muuguzi kwa jicho la pembeni. Kwa nini anauliza masikio, na ngiri iko kwenye kinena? Hapa pana jambo, alijiambia. Wakijua hawezi kusema, watamfanya wanavyotaka.

"Hana," alijibu. "Si msemaji tu."

Zuleikha aliandika, akageuza fomu, Bi Sheikha akatia saini. Muda wote huo Badar alikaa kitandani anatazama vinywa vyao vikifunguka na kufumbika. Hakuna aliyemgeukia.

Bi Sheikha alisubiri nje mpaka saa tisa alasiri. Aliporuhusiwa kuingia wodini, alikwenda moja kwa moja kitandani. Badar alikuwa amefungwa bendeji kwenye viganja vyote viwili. Bendeji hizo zilifungwa kwenye vyuma vya kitanda. Mkono wa kulia ulikuwa na sindano ya maji. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na macho yalimtoka.

"Mmemfanya nini?" Bi Sheikha aliuliza.

"Alipotoka tulimwita, hakuitika," alisema Zuleikha. "Kisha akaanza kurusha mikono. Kang'oa sindano mara mbili. Tuliogopa atafungua kidonda. Tumemfunga kwa muda tu, bibi, mpaka akili itulie."

"Akili yake ilikuwa imetulia alipoingia humu."

Bi Sheikha alifunua shuka kidogo. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa limevimba, gumu. Alipoligusa, Badar alijikunja kwa maumivu. Hapo shaka zake zote zilisimama kwa pamoja. Harusini aliwahi kusikia wanawake wakisema kuwa watu huingizwa vyumba vya upasuaji wakatolewa figo. Wakati ule hakuamini wala hakukataa. Sasa aliamini.

Alitoka wodini akampigia simu jirani yake, Mwalimu Nahodha. Nahodha ana gari ndogo. Pia anafundisha watoto viziwi katika skuli moja mjini, lakini hilo Bi Sheikha hakulifikiria. Alichotaka ni gari.

"Njoo sasa hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Nnamtoa ndugu yangu humu. Usimwambie mtu."

Nahodha alifika baada ya nusu saa. Alisimama mbele ya kitanda, akazitazama zile bendeji. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Muuguzi, huyu ni kiziwi."

"Kiziwi?" Zuleikha alichukua fomu. "Hapa pameandikwa hana tatizo la kusikia."

Wote wawili wakamtazama Bi Sheikha. Bi Sheikha akatazama dirishani.

"Hawezi kuitika akiitwa, kwa sababu hasikii," alisema Nahodha. "Na mdomo wake ni hii mikono. Mkiifunga, mmemziba mdomo. Naomba mumfungue. Nitasimama hapa, hatong'oa kitu."

Zuleikha alisita. Akamwita muuguzi mwenzake wa kiume, wakafungua bendeji pamoja.

Nahodha alimgusa Badar bega, akangoja mpaka macho yao yakakutana, kisha akaanza kuzungumza naye kwa mikono, kwa lugha ya alama ya viziwi. Na Badar akajibu. Sindano ilimzuia mkono wa kulia, lakini alijibu. Vidole vilikwenda mbio, uso ukifuata, mabega yakifuata. Bi Sheikha aliduwaa. Katika maneno yote yale hakutambua hata moja. Miaka hamsini anakaa na mtu huyu, na leo anamwona akisema habari ndefu asizozijua. Ilimuuma. Na kama kawaida yake, alishuku.

"Ananisema mimi?" aliuliza.

"Hakusemi," alijibu Nahodha. "Bi Sheikha, tupishe kidogo nje ya pazia. Kuna jambo la kiume hapa."

"Mie dada yake. Nimemwogesha mie huyu."

"Nnajua. Ndiyo maana hawezi kulisema mbele yako."

Alitoka, lakini hakwenda mbali. Alisimama nyuma ya pazia ametega sikio. Akamsikia Nahodha akiwaambia wauguzi maneno taratibu.

"Anasema toka atoke chumba cha upasuaji hajapata haja ndogo. Inambana, haitoki. Anaona kama kibofu kinapasuka. Anasema pia kuwa hata nyumbani mkojo ulikuwa ukimsumbua, mwaka mzima sasa. Unatoka kidogo kidogo, na usiku anaamka mara nyingi."

"Mbona hakutuambia?" Zuleikha aliuliza.

"Hamkumuuliza. Na jambo jengine. Alipozinduka hakuhisi miguu yake. Alidhani mmemkata. Ile mikono aliyokuwa akirusha, alikuwa akiitafuta miguu."

Nyuma ya pazia Bi Sheikha alilikumbuka jibu lake la asubuhi: "Vizuri." Aliona haya, na aliona huruma mpaka machozi yakamtoka.

Daktari aliitwa mara moja. Yule muuguzi wa kiume alimwekea Badar mpira wa mkojo. Ulitoka zaidi ya lita moja. Lile tumbo gumu likanywea. Badar akavuta pumzi ndefu, akalala palepale.

Zuleikha alitoka akamkuta Bi Sheikha kwenye benchi, akakaa naye.

"Nakueleza bibi, usije ukaondoka na shaka. Kwa upasuaji huu tulimchoma sindano ya ganzi mgongoni, na tukampa dawa ya kumsinzisha kidogo. Sindano ile ya ganzi hulaza miguu kwa saa chache, kisha miguu inarudi. Wakati mwengine huzuia na mkojo. Kwa mwanamume wa umri wake, ambaye mkojo ulishaanza kumsumbua, hatari inakuwa kubwa zaidi. Lau tungelijua asubuhi, tungempima kwanza, na tungeuangalia mkojo wake toka mwanzo."

"Mie nilidhani mmemtoa figo," alisema Bi Sheikha.

Zuleikha hakucheka, ingawa alitaka.

"Figo zake ziko zote mbili. Ila mkojo ungekaa vile kwa muda mrefu, hizo figo ndizo zingeumia."

Nahodha alikuwa amesimama kando.

"Nilificha kwa kumhurumia," Bi Sheikha alisema. "Watu wakijua hasikii wanamwonea."

"Leo yamempata haya kwa sababu hawakujua," alisema Nahodha. "Mgonjwa wa kupasuliwa hafichiwi hali yake. Awe haoni, awe hasikii, awe ana kifafa au sukari, waambieni kabla. Dawa anazotumia zitajeni zote, hata za mitishamba. Wao wana namna ya kumwandalia kila mtu, lakini wajue."

"Na sisi tuna kosa letu," Zuleikha akasema. "Nilikuuliza wewe, bibi. Mgonjwa alikuwa amekaa mbele yangu, sikumuuliza yeye."

Neno hilo lilimshangaza Bi Sheikha. Hakuzoea kumsikia mtu wa ofisini akikiri kosa. Alimtazama muuguzi usoni kuona kama kuna hila, akaikosa.

Badar alirudi nyumbani na dawa za tezi dume, ambayo daktari aligundua kuwa ndiyo iliyokuwa ikibana mkojo. Baada ya miezi mitatu mkojo ulikuwa umetengenea, na ikafika zamu ya ngiri ya kushoto.

Safari hii walijitayarisha. Badar alichora picha kwenye kadibodi ya sanduku la viatu: mtu mwenye maumivu, gilasi ya maji, choo, mtu anayetapika, mtu anayetetemeka kwa baridi. Nahodha aliandika jina la kila picha chini yake. Juu ya kitanda muuguzi alibandika karatasi: "Mgonjwa huyu ni kiziwi. Mguse bega kwanza. Mtazame usoni." Bi Sheikha aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama wana hakika hawakukosea kitanda.

Zuleikha alikuja na fomu yake. Bi Sheikha alifungua mdomo kwa mazoea, akaufumba. Muuguzi alikaa mbele ya Badar, akamtazama yeye. Nahodha akafasiri. Badar alijibu kila swali, kisha akauliza ya kwake. Miguu italala kwa saa ngapi? Mkojo ukizuilika tena mtafanya nini? Nani atakuwepo nikizinduka? Zuleikha alimjibu yote hadi mwisho. Sindano ya maji ikawekwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru. Mtaalamu wa usingizi alimweleza kila hatua kabla hajavaa barakoa, Badar aone mdomo na uso wake. Nahodha aliruhusiwa kuwa naye mpaka wanaanza, na kuwepo tena wanapomaliza. Mwisho Badar alichukua kalamu, akatia saini mwenyewe.

Aliporudi wodini miguu ilikuwa bado imelala. Hakushtuka. Alijua saa ngapi zimebaki. Baadaye aliinua ile kadibodi akaonyesha picha ya choo. Muuguzi alimletea chombo na kumfungia pazia. Mkojo ukatoka. Bi Sheikha alipoambiwa, alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, wodi nzima ikasikia.

Siku ya kuruhusiwa daktari alikuja kumpa maagizo: asinyanyue kitu kizito, kidonda kisilowe, arudi akiona usaha au homa. Nahodha alikuwa akifasiri. Katikati ya mazungumzo Badar alimgeukia dada yake. Akaonyesha mlango kwa kidole, kisha akaweka kiganja kifuani, kama mtu anayeomba radhi.

Bi Sheikha alielewa. Alitoka akafunga mlango. Kwenye benchi alikuwepo mwanamke anayemsubiri mumewe, naye alimwona Bi Sheikha akitolewa.

"Vipi, mgonjwa wako wanamwambia nini huko ndani?"

"Sijui."

"Hujui? Si nasikia hawezi kusema yule? Na wewe huingii ukamsemea?"

Bi Sheikha aliutazama ule mlango. Alitamani kwenda kutega sikio. Alivuta buibui lake vizuri, akakaa.

"Ana mikono yake," alisema.