Miti ya Upande wa Juu

Wenzangu, nawaombeni sikio kidogo. Mto uliomwonea Enelesi ndio huu huu tunaochota sote.

Kila Jumapili akitoka kanisani, Enelesi hakupitia nyumbani. Alipanda hadi kwenye msitu wa makaburi juu ya mto, akaketi penye kaburi dogo la binti yake Madalo, aliyekufa kwa malaria kabla hajajua kutembea vizuri. Pale palikuwa na kivuli na ndege. Alimsimulia mtoto habari za wiki, viazi vitamu vya bondeni, mbuzi aliyezaa, kisha akashuka kusonga nsima moyo umetulia.

Vilima vingine vilikwisha kunyolewa kwa ajili ya mkaa wa kuuzwa mjini Blantyre. Msitu ule ulibaki kwa sababu kwetu hakuna akataye mti wa makaburini.

Mumewe Sikweya alikuwa mkamwini, mume aliyehamia kwa wakwe. Mnajua hali ilivyo: shamba la mke, watoto wa ukoo wa mke, na akifa anabebwa akazikwe kwao. Alitamani sana nyumba ya bati kwa mama yake kule Thyolo, mahali ambapo hakuna wa kumwambia fungasha.

Jumapili moja Enelesi akakuta visiki upande wa juu wa makaburi, na tanuri linafuka moshi. Sikweya alikuwa pale, masizi hadi masikioni.

"Baba Madalo, hata hapa?"

"Upande wa juu tu, mama. Upande wa mtoto sijagusa hata tawi. Ningewezaje?"

"Mjomba wangu akijua atakufukuza."

"Ndiyo maana nauza mkaa nijenge kwetu. Mimi hapa mgeni, Enelesi. Hata kunizika hamtanizika."

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Aliogopa kumpoteza mume baada ya kumpoteza mtoto, basi akanyamaza. Na miti ikaendelea kuanguka.

Jamani, Sikweya alidhani mti hulinda pale uliposimama tu! Majani huipokea mvua yakaishusha polepole, mizizi huifungulia ardhi ikanywa, na sehemu ya maji hayo mti huyapumua tena yakawa mawingu. Mti huohuo hula hewa ya ukaa na kuiweka mwilini. Ukiuchoma, hewa ile hurudi angani na kuongeza joto, na anga lenye joto hubeba maji mengi zaidi, likayamwaga kwa mkupuo. Najua viwanda vya mbali vimefuka kutushinda. Lakini visiki vile ni vyetu.

Machi mvua ikanyesha mfululizo. Mlima uliobaki uchi haukunywa kitu. Maji yalishuka na udongo na mawe, yakapita katikati ya makaburi, yakajaza tope mtoni hadi mto ukakosa pa kupita ukafurika. Viazi vilikwenda, nyumba ikaenda. Watu walipona kwa kukimbilia shuleni.

Mvua ilipokatika, Enelesi, mumewe na ukoo walipanda makaburini. Pa Madalo palikuwa korongo tupu. Sikweya alipiga magoti akachimba kwa mikono, akiita jina la mwanawe.

Mjomba Nakhuzi, mkuu wa ukoo, hakupaza sauti. "Mkwe, wewe ulikuwa mgeni. Na mtoto je, naye alikuwa mgeni?"

Sikweya alifungasha. Alikwenda kwao kwenye nyumba yake ya bati, akamwita mke amfuate. Enelesi alikataa, ingawa anamtamani hadi leo. Jumapili akitoka kanisani hutembea kando ya mto kuelekea unakokwenda, na hajui asimame wapi kuongea na mwanawe.

FUNZO

Mlimani na bondeni ni shamba moja. Anayekata juu amekwisha kukata chini. Nanyi wakamwini, pandeni miti hata pale msipozikwa, kwa sababu wanenu watalala hapo. Sisi wenye ardhi tuache kuwaita wageni watu waliotuzalia watoto, maana mgeni hapandi. Na wewe uliyeona kisiki cha kwanza ukanyamaza kwa mapenzi, sema leo. Enelesi angetoa chochote apewe tena Jumapili ile aseme.