Ufagio Mlangoni kwa Swabra

Mkasi ulilia sementini, na mtaa wa Waswahili wa Gitega ukausikia kabla ya kuona lolote. Ilikuwa Ijumaa, saa saba na robo mchana. Swabra, fundi wa nguo, alikuwa ameuangusha: cherehani ya marehemu baba yake haikuwepo mezani. Ufagio ulikuwa bado umelala mlangoni, ncha zikielekea kulia, uliko msikiti.

Saa nane mpelelezi Theodosia aliandika: "Karakana iliachwa bila uangalizi." Kisha akamfunga Fabiano, fundi msaidizi wa Swabra, baba wa watoto watatu. Fabiano alikulia kambini Tanzania na si Mwislamu. Wakati wa sala alikuwa uani peke yake akipiga pasi. Majirani walisema ameituma cherehani kwao, Butihinda, mkoani Muyinga.

Swabra aliyakataa maandishi yale. "Afande, bila uangalizi ni nini? Ufagio ulikuwa mlangoni."

Theodosia alicheka. Swabra hakucheka. Alimweleza kwamba hapa mwenye duka akitoka hulaza ufagio, ncha zikionyesha alikokwenda. Hakuna anayeuruka. Wakati wa vita mtaa mzima ulikimbia. Waliporudi, sukari ya jirani ilikuwa bado nyuma ya ufagio.

Theodosia alikitazama kile kifungu cha majani kama mtu aliyeonyeshwa jeshi.

"Na we ulienda wapi?"

"Sokoni, kununua vifungo. Kushoto."

Kalamu ikasimama.

Theodosia alimtoa Fabiano mahabusu kwa muda, akamwomba auweke ufagio kama unavyowekwa. Fabiano akauegemeza ukutani. "Sijawahi kuugusa, afande. Mimi huwa napitia uani."

Basi mwizi aliuinua, kisha akaurudisha kwa mazoea ya Ijumaa, ncha zikielekea msikitini. Ni mkono uliolelewa mtaani. Theodosia aliulizia safu za msikitini, mtu kwa mtu. Wote walionekana, isipokuwa Houssein, kaka yake Swabra, mfanyabiashara wa Muyinga aliyekuja Alhamisi kusalimia.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Theodosia na Swabra waliingia dukani kwake Muyinga. Houssein aliapa kwamba alisali, na karakana hakuikaribia. Theodosia akafungua pazia la nyuma. Cherehani ilikuwa pale.

"Dada yako alikwenda sokoni," alisema. "Wewe ukauelekeza ufagio msikitini."

Houssein akakaa chini. "Mi ndiye mkubwa. Baba aliacha mashine kwa mtoto wa kike, mbele ya watu wote. Miaka kumi niko nameza tu."

"Kaka, kwa nini hukuuruka tu?" Swabra aliuliza.

"Nilijaribu. Mguu ulikataa."

Theodosia, aliyezoea kufuli na pingu, aliutazama mguu ule. Akatoa daftari, akayafuta maneno matatu: "iliachwa bila uangalizi."

Jioni Fabiano alifunguliwa. Swabra alimngoja nje, ufagio mkononi.

"Baba Letisia," alimwambia mbele ya majirani, "Ijumaa ijayo utaulaza wewe. Na mi sitauliza unakwenda wapi, nitasoma ncha."