Kinachokunywa Sukari ya Nennedda

Ilianza na juisi. Kila usiku Bonaria alimwekea binti yake Nennedda kiboksi cha juisi ya peasi kando ya kitanda, sukari ya mwili isije ikashuka ghafla, kama afanyavyo kila mama mwenye mtoto wa kudungwa insulini. Na huku kwetu milimani Sardinia mama hao ni wengi, hakuna ukoo uliosalimika. Asubuhi moja akakikuta kiboksi kitupu, kimefyonzwa mpaka kikajikunja, na mrija umetafunwa.

"Uliamka usiku, mwanangu?"

"Sikuamka, mama."

Aliyasema hayo huku anatetemeka, shuka limelowa jasho. Bonaria akamtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kipimo. Sukari ilikuwa chini mno. Kama juisi ile ingeingia tumboni mwa mtoto, sukari ingekuwa imepanda.

"Basi ni panya," alisema mumewe, Bachisio, akivaa buti zake aende zizini kukamua kondoo. "Panya wa siku hizi, anatumia mrija."

Bonaria akampeleka mtoto hospitali. Daktari wa mjini alipunguza dozi ya jioni, akaagiza mtoto ale mkate na jibini kabla ya kulala na apimwe katikati ya usiku. Yote yakafanyika. Mama alipima, akaona sukari iko vizuri, akarudi kitandani, na kabla usingizi haujamkolea akasikia mtoto anakoroma kwa namna isiyo ya kukoroma. Akikimbilia chumbani anamkuta baridi kama samaki, macho nusu wazi, haitiki. Anampaka asali ndani ya shavu, anamsugua, anamwita, mpaka mtoto anarudi polepole na kumuuliza kwa nini analia.

Halafu kukaja harufu. Harufu ya sufu mbichi ya kondoo iliyochanganyika na matunda yaliyooza, katika chumba ambacho Bachisio hakuruhusiwa hata kuingia na buti. Usiku mmoja Bonaria akaamua asilale kabisa, akaketi kwenye kiti karibu na mlango, taa imezimwa, na alipokuwa anaanza kujiona mpumbavu akaiona blanketi juu ya kifua cha Nennedda ikididimia taratibu, ikadidimia tena, kama kwamba mtu mzito anajiweka sawa kwenye kiti chake alichokizoea, kisha akasikia kufyonza, kule kufyonza kwa mwanakondoo aliyekutana na chuchu baada ya kushinda njaa, na yeye mwenyewe ulimi ukamganda, miguu ikamganda, akabaki kutazama mwanawe ananyonywa utamu wa damu bila kuweza hata kusema acha.

Asubuhi akamwendea Shangazi Mikela, mganga wa mtaa wa juu, mwanamke wa nguo nyeusi aliyezoea kuondoa husuda kwa ngano na maji.

"Hilo ni jinamizi," Shangazi Mikela alisema kwa sauti ya chini, akafunga dirisha kwanza. "Hukalia vifua. La kwenu limeonja sukari, limenogewa."

"Litaondoka lini, shangazi?"

"Nani kakwambia litaondoka? Tunalichelewesha tu. Una mundu wenye meno?"

"Wa marehemu baba mkwe upo."

"Utundike nje ya mlango wa chumba. Haliwezi kupita chuma chenye meno mpaka liyahesabu yote, na hesabu yake inaishia saba. Likifika hapo linasahau, linaanza upya, na kukicha linakimbia. Na insulini usimwachishe, unanisikia? Ukimwachisha, utamzika wewe kabla ya jinamizi."

Wakautundika. Usiku huo Bonaria, akiwa amelala ubavuni mwa binti yake, akasikia mnong'ono upande wa pili wa mlango: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Kimya. Kuvuta makamasi. Kisha moja tena. Ilitisha, lakini sukari ya mtoto haikushuka. Ikawa hivyo usiku hadi usiku. Nennedda akanenepa mashavu, Bachisio akarudia mizaha yake, na Bonaria, ambaye alikuwa amesahau usingizi unafananaje, akaanza kulala mpaka mapambazuko. Alifurahi, na hakuona haya kufurahi.

Asubuhi moja alikuwa anamchanganyia mtoto maziwa.

"Mama, yule wa mlangoni alikuwa analia jana."

Kijiko kikasimama. "Yupi?"

"Anayehesabu. Kila siku anakwama palepale, mama, anajipiga kichwa. Nikamwonea huruma."

"Nennedda. Umemfanyia nini?"

"Nimemfundisha tu. Nikamwambia baada ya saba ni nane, baada ya nane ni tisa. Ana akili kumbe. Jogoo alipowika ndiyo kwanza amemaliza, akaniambia leo atakuja mapema."

Bonaria alipanda kwa Shangazi Mikela mbio mbio, akamweleza. Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akajishika kichwa, akakaa.

"Nitundike miundu mingapi?" Bonaria aliuliza.

"Hata ya kijiji kizima, binti yangu. Anayejua hesabu anajua hesabu."

Usiku ule Bachisio alilala zizini kwa kuwa kondoo walikuwa wanazaa. Bonaria alimpa mtoto mkate, jibini na maziwa, akampima, akapima tena, akaweka kopo la asali mezani na kuketi kitandani, kiganja chake juu ya kifua cha mwanawe ili kama kuna wa kukaa pale akae juu ya mkono wa mama. Hakungoja sana. Mlangoni hesabu ilipita haraka, bila kukwama popote, kama ya mwanafunzi anayejua jibu, na harufu ya sufu ikajaa chumba kizima, ikapita karibu ya uso wake, na uzito ukaja, ukakaa juu ya mkono wake, ukaukandamiza palepale. Alijaribu kuuvuta, haukutoka. Akanyoosha ule mwingine kuelekea asali, haukufika. Chini ya kiganja chake moyo wa Nennedda ulikwenda mbio, kisha ukaanza kupunguza.

"Mama," mtoto alisema usingizini, "ananishukuru."